Oili Ina Mwenyewe

"Imewahi kuanguka?"

Hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayetaka kununua pikipiki iliyotumika, hata kabla hajauliza bei ya mwisho. Huyu alinipigia Jumanne jioni nikiwa kwenye foleni ya matatu. Sauti ya kijana mpole, mtu ambaye bila shaka amekuwa akiweka pesa kidogo kidogo. Nilicheka. Kumuuliza mtu wa supermoto kama pikipiki yake imewahi kuanguka ni kama kumuuliza mpika chapati kama amewahi kuungua kidole.

"Boss, imeanguka mara tisa. Nikuhesabie?"

Akasema nihesabu. Basi nikahesabu huku foleni ikisonga. Liva mbili za klachi. Usukani mmoja uliopinda hadi ukafanana na pembe za ng'ombe. Rejeta ya kulia, iliyonyooshwa na fundi wa Kirinyaga Road kwa mkono na kwa subira. Plastiki za ubavuni zilizopasuka zikatobolewa matundu na kushonwa kwa waya. Na kifuniko cha injini upande wa kushoto, hicho ni kipya, kwa sababu cha kwanza kilitoboka.

"Kilitoboka aje?"

"Nililala kona ya tatu, liva ya gia ikajikunja ikaingia ndani. Oili ikaanza kumwagika."

Akanyamaza kidogo. Alikuwa anawaza injini. "Na ulikimbia nayo hivyo kwa muda gani?"

"Raundi mbili na kitu."

"Sasa hapo lazima unipunguzie."

Nikampunguzia elfu ishirini, nikapanda matatu, nikakaa kiti cha nyuma. Tulikuwa tunapita Bellevue niliposhtuka. Nilikuwa nimemwambia mtu nisiyemjua, kwa simu, kwa dakika mbili, kwa ajili ya bei, jambo ambalo kwa miezi saba nilikuwa sijamwambia mtu aliyelala hospitalini kwa sababu yake.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana ukisema supermoto hapa kwetu watu wengi hudhani unaongelea moto. Mama yangu alidhani hivyo kwa mwaka mzima. Mchezo ulianza mwaka 1979 huko Carlsbad, California, kama kipindi cha televisheni cha ABC kilichoitwa Superbikers. Promota mmoja, Gavin Trippe, alitaka kumaliza ubishi wa vijiweni: kati ya mtu wa lami, mtu wa motocross na mtu wa viwanja vya duara vya udongo, nani mkali? Akawatengenezea uwanja wenye vyote, akawaachilia. Mshindi wa kwanza alikuwa Kent Howerton, mtu wa motocross. Marekani ikachoka na mchezo huo katikati ya miaka ya 80, Ulaya ikauchukua, hasa Ufaransa, na tangu 2002 una ubingwa wa dunia.

Pikipiki yenyewe ni mseto. Unachukua ya motocross au ya enduro, unang'oa magurudumu yake marefu, unaweka rimu za inchi 17 na tairi za kipara, zile ambazo trafiki akizikuta kwa matatu ni faini. Unaongeza diski kubwa ya breki mbele. Kisha unaenda kwenye uwanja ambao sehemu kubwa ni lami na sehemu ndogo ni udongo, na tairi ile ya kipara inakutana na murram, na hapo ndipo unajua kama ulilelewa vizuri.

Nairobi sisi ni wachache, hatufiki ishirini. Tunakodi uwanja wa go-kart nje ya mji, upande wa tambarare za Athi, siku ambayo hakuna watoto wa birthday. Una kona tisa. Kipande cha udongo tulikichonga wenyewe kwa jembe na murram ya lori moja, kwa sababu udongo wa pale ni ule mweusi ambao mvua ikinyesha hata ng'ombe anabaki na gumboots nne. Hatujulikani kwa majina sana. Tunajulikana kwa namba. Mimi ni 33. Mwenzangu nitakayemzungumzia ni 27.

Utamu wa supermoto uko kwenye kuingia kona. Unakuja kasi, unashika breki ya mbele hadi pikipiki inainamisha pua, unashusha gia mbili, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, mkia unaanza kutoka nje. Mguu wa ndani umeunyoosha mbele. Kwa sekunde moja unaelekea kona ukiwa ubavu, pikipiki inatazama pengine na wewe unatazama pengine, na kama umepima sawasawa kila kitu kinanyooka chenyewe unapofungua mafuta. Sijawahi kupata kitu kingine maishani kinachonipa amani kiasi hicho. Najua inasikika vibaya.

Usipopima sawasawa unaanguka, na kuna njia mbili. Ya kwanza tunaita losaidi: tairi inateleza, pikipiki inalala, na wewe unalala nayo, mnaburuzika pamoja hadi mnasimama. Hiyo ni ya bei nafuu. Ya pili ni pale tairi inapoteleza kisha ghafla inashika tena, na nguvu yote iliyokuwa inaenda pembeni inakurusha juu kama gunia. Wazungu wanaiita high-side. Sisi kwa matamshi yetu tunasema haisaidi, na kweli haisaidi.

Kuanguka kwenyewe si jambo la aibu kwetu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyekubali kulala chini bora arudi kwa go-kart. Tunajiandaa kwa hilo mapema. Ekseli tunazifunga vibonge vya plastiki ngumu pande zote mbili ili zisugue vyenyewe badala ya chuma. Liva hatukazi sana, tunaziacha zizunguke zikigongwa badala ya kukatika. Mtu akianguka, wa kwanza kumfikia anamuuliza kama ameumia, wa pili anainua pikipiki, wa tatu anapiga picha. Jioni tunasimuliana gharama kama wazee wanaosimuliana magonjwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo mchezo huu haulitanii. Kabla ya resi, mzee wetu wa ukaguzi anapita na tochi ndogo. Hakagui kama utaanguka. Anakagua utakachoacha barabarani ukianguka. Boliti ya kumwagia oili lazima ifungwe kwa waya isije ikalegea. Ndani ya rejeta weka maji peke yake. Ile dawa ya kijani ya kupozea injini hairuhusiwi, kwa sababu ikimwagika inateleza kama sabuni na haikauki. Mipira ya kupumulia injini iingie kwenye chupa. Ukimwangalia mzee akifanya kazi hiyo unaelewa falsafa nzima bila mtu kukuhubiria: mifupa yako ni shauri lako, lakini lami ni ya wote.

Mashindano makubwa yana hata bendera yake, nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa katikati. Wanakuonyesha hiyo pamoja na namba yako, maana yake pikipiki yako ina tatizo ambalo linaweza kukuumiza wewe au mwingine, toka sasa hivi. Sisi tulikuwa na bendera mbili tu, ya manjano na nyekundu. Ya tatu kila mtu alitakiwa kujipepea mwenyewe.

Siku hiyo fainali ilikuwa ya raundi kumi na mbili. Sijawahi kukimbia vile. Hadi raundi ya kumi nilikuwa wa pili, mtu ambaye kwa misimu miwili nilikuwa wa sita au wa saba na kulalamikia tairi. Kona ya tatu, ya kushoto, nikaingia na mkia nje kuliko nilivyoweza kuurudisha. Losaidi. Nililala polepole hivi kwamba nilikuwa nimeshika usukani bado pikipiki iliposimama. Nikaiinua, nikapiga stati, ikawaka. Namba 8 akawa amenipita. Nikarudi barabarani nikiwa wa tatu, 27 akiwa mbali kidogo nyuma yangu.

Kona ya sita nilitupa macho chini kutafuta gia, kwa sababu liva ilikuwa imepinda na mguu hauioni. Nikaona buti yangu ya kushoto inang'aa.

Hapa ndipo ninapotaka kwenda polepole, maana nimejidanganya juu ya sekunde hiyo kwa njia nyingi. Buti ilikuwa inang'aa. Nilijiambia ni maji. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. Nikajiambia basi ni maji ya rejeta, hayo hayana neno. Rejeta iliyogongwa siku zote ni ya kulia, na mimi nilikuwa nimelala kushoto. Haya yote yalipita kichwani kwa muda mfupi kuliko unaohitaji kuyasoma. Sikuyafikiri, yalijipanga yenyewe, moja likifungua mlango kwa lingine, na mwisho wa msururu huo palikuwa na kikombe cha plastiki cha nafasi ya tatu.

Raundi iliyofuata mkia uliteleza vizuri ajabu. Niliwaza: leo nimeiva.

Kona ya tano ya raundi ya mwisho nilisikia nyuma yangu ule mlio ambao hausahauliki, injini inayopiga kelele peke yake hewani kwa sababu gurudumu haligusi kitu. Bendera nyekundu. Nilipogeuka, 27 alikuwa amekaa kwenye nyasi akiwa ameshika bega, na pikipiki yake imelala mita thelathini mbele, ikimwaga kila kilichokuwa ndani yake. Tairi yake ilikuwa imeteleza kwenye oili, ikavuka, ikakuta lami kavu, ikashika. Haisaidi.

Na kwa kuwa pikipiki yake ilimwaga oili yake pale pale, hakuna aliyetafuta oili nyingine. Watu waliiona chini, wakaona na injini yake iliyopasuka, wakaunganisha. Nilisukuma yangu hadi kwenye kivuli cha hema. Kwenye kifuniko palikuwa na kitundu cha kutosha punje ya maharagwe. Nikachukua kitambaa, nikapanguza. Mzee wa ukaguzi akapita.

"Yako iko sawa?"

"Iko sawa, mzee."

Kwa kanuni, resi ikisimamishwa matokeo yanachukuliwa ya raundi iliyokamilika kabla. Nikapewa kikombe changu.

27 ni kinyozi. Ana kiti kimoja kwenye kinyozi cha watu, analipia kiti hicho kwa siku, awe na wateja asiwe nao. Alivunjika mtulinga wa kulia vipande vitatu, akawekewa chuma na skrubu. Mkono wa kulia wa kinyozi ni kama mdomo wa mtangazaji. Wiki kumi na mbili hakuweza kuunyanyua juu ya bega.

Nilienda kumwona siku ya tatu. Kitanda cha pembeni kilikuwa na mtu wa boda aliyevunjika paja, na mguu wake ulikuwa unavutwa kwa kamba na uzito. Alisikiliza tukizungumza resi, mwishowe akauliza, "Sasa nyinyi mlikuwa mmebeba nani?"

"Hakuna," 27 akasema.

"Mlikuwa mnapeleka nini?"

"Hakuna kitu, buda. Tulikuwa tunazunguka."

Yule jamaa akatutazama sote wawili kwa muda, akageuzia uso ukutani. 27 alicheka hadi bega likamuuma. Mimi pia nilicheka. Grupu ya Wasapu ikafungua chango, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutuma, elfu tano. Watu wakaweka makofi. Mtu akaandika kwamba ndiyo maana anaupenda mchezo huu, upendo wake. Makofi yakaendelea kushuka kwenye skrini na mimi nikaangalia kila moja.

Na kila mtu alisema lile lile: ajali haina kinga.

Nimeishi na methali hiyo miezi saba na nimeanza kuiogopa. Neno lenyewe, ajali, lilitoka kwenye Kiarabu, ajal, muda uliowekwa, siku ambayo mtu ameandikiwa. Hata katika Kiswahili cha zamani ajali ilikuwa pia majaliwa, kifo ambacho hakikwepeki. Kwa hiyo tukisema "ilikuwa ajali" tumeshatoa hukumu nusu: hakuna aliyefanya, ilikuja. Sikiliza habari za jioni. Lori halina breki, mwenye lori anajua, limepita vizuizi vitatu vya barabarani na kila kizuizi kimepata chai yake, na msomaji wa habari anasema ajali imetokea. Imetokea yenyewe, kama mvua. Nilikuwa mmoja wa wale wanaokasirikia jambo hilo mtandaoni. Sikujua kwamba siku moja nitajificha chini ya neno lilo hilo na kulikuta lina nafasi ya kutosha.

Kulikuwa na kinga ya pili, ile fomu. Kila msimu tunasaini karatasi inayosema tunajua mchezo ni hatari na hatutamlaumu mtu. Wanasheria wana msemo wa Kilatini wa mambo haya, volenti non fit injuria: aliyekubali kwa hiari yake hawezi kudai amedhulumiwa. Naona ni msemo wa haki. 27 alikubali kokoto. Alikubali upepo wa Athi, tairi baridi, makosa yake, na makosa yangu pia. Kama ningemgonga nikijaribu kupita, tungesema resi ni resi na ningemaanisha. Lakini nimejaribu kuisoma fomu ile kutoka upande wake, nikatafuta mahali aliposaini kwamba mimi naweza kuona buti yangu inang'aa na kuamua ni maji. Mtu anakubali hatari anayoijua ipo. Yangu nilikuwa naijua mimi peke yangu, na ndiyo iliyofanya iwe hatari.

Rafiki yangu mmoja aliyesoma falsafa, ambaye nilimwelezea kisa hiki kana kwamba kilimtokea mtu mwingine, alinipa insha mbili, ya Bernard Williams na ya Thomas Nagel, waliozitoa pamoja mwaka 1976. Wanaongelea kitu wanachokiita bahati katika maadili. Mfano wao mmoja ni dereva wa lori. Nagel anasema, chukua madereva wawili ambao wote walizembea kukagua breki. Mmoja mtoto anakatiza mbele yake, anamgonga. Mwingine anafika nyumbani, anakula, analala. Uzembe ni ule ule. Tofauti ni mtoto, na mtoto hakuletwa na dereva. Kwa nini basi tunamlaumu wa kwanza zaidi, na kwa nini yeye mwenyewe anajilaumu zaidi?

Nilisoma hayo usiku nikahisi kama mtu amenipulizia kidonda. Kwa sababu kabla ya 27, mwendeshaji mwingine niliyekuwa nimempita, namba 6, alipita juu ya mstari ule ule wa oili, kona ile ile, akaenda zake. Kama 27 naye angepita sentimita kumi kushoto, leo nisingekuwa na cha kuandika. Ningekuwa na kikombe na hadithi nzuri ya kumaliza resi na injini iliyotoboka. Ningeisimulia kwa majivuno! Hapo ndipo nilipoona kwamba insha ile haikuwa inanifariji kama nilivyotaka. Nilitaka iniambie kwamba sikuwa na bahati tu. Ilichonionyesha ni kwamba ningekuwa na hatia ile ile na nisingejua kamwe, na kwamba huenda nina nyingine kadhaa za namna hiyo zilizolala mahali, nyuma ya watu waliopita sentimita kumi kushoto.

Nikiwa mkweli, kuna upande wa pili, na si wa kubeza. Mtu aliye kwenye resi si mtu kamili. Macho yanaona uwazi wa upana wa meza, moyo unapiga, pumzi inakusanyika ndani ya helmeti. Kumhukumu mtu huyo kwa akili ya mtu aliyekaa na chai ni uonevu kidogo. Nimejisamehe sekunde ile ya kona ya sita, au karibu nimejisamehe. Ambacho sikuweza kukipatia msamaha ni kile kitambaa. Nilipokuwa nikipanguza, helmeti ilikuwa chini, moyo umetulia, na nilikuwa na akili zangu zote.

Hata lile la mifupa yangu ni shauri langu, nililokuwa nikilitangaza kwa sauti, lilikuwa uongo wa aina yake. Mwaka nilipovunjika kifundo cha mguu, dada yangu aliuza shea zake za sacco. Hakuniambia, nilikuja kusikia kwa mwingine. Sijui tulipata wapi wazo kwamba mtu anaweza kuanguka peke yake.

Kwa hiyo, baada ya ile simu ya mnunuzi, Jumamosi nikaenda kunyolewa.

27 amerudi kazini, ingawa mkono ukifika usawa wa masikio anausaidia na ule mwingine. Tangu chango hajawahi kunilipisha. Nikitoa simu anaisukuma: "Wewe tena? Weka hiyo kitu." Kinyozi kilikuwa tupu, redio inaongelea mpira. Akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaanza nyuma. Nikamwambia hapo, nikitazama kwenye kioo, kwa sababu kwenye kioo ni rahisi zaidi. Nikasema oili ya kona ya tano ilikuwa yangu.

Akazima mashine.

"Ulijua lini?"

"Niliona buti inang'aa."

"Siulizi uliona nini. Nauliza lini."

"Kona ya sita."

"Ya raundi gani?"

"Ya kumi."

Akawa kimya. Kisha nikamwona kwenye kioo anahesabu, kwa kidole gumba kikipita juu ya vidole vingine, kama sisi sote tunavyohesabu kona tukiwa hatuna pikipiki. Sita, saba, nane, tisa. Akaanza tena kutoka moja. Alipofika mwisho akasema, "Kumi na nane." Halafu, "Na mlango wa kutokea ulipita mara mbili."

"Mara mbili."

"Mbona unaniambia leo?"

Nilikuwa na jibu nililoliandaa njiani, lenye maneno kama haki na ukweli. Nikamweleza kuhusu mnunuzi badala yake. Akatikisa kichwa polepole.

"Kwa hivyo unauza nduthi, unatoka kwa mchezo, unataka kutoka ukiwa msafi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma mita ya stima. "Mimi nilikuwa nimeshazoea kwamba niliteleza. Nilikuwa nimejifunza kitu, hata. Nilibadilisha jinsi ninavyoingia ile kona kichwani mwangu, kila usiku, miezi mitatu. Sasa unaniambia hakukuwa na kitu cha kubadilisha."

Sikuwa nimefikiria hilo. Katika hesabu zangu zote, hilo halikuwemo: kwamba nilikuwa nimemwibia pia kosa, nikamwachia kosa lisilo lake alitunze.

"Unataka niseme nini?" akauliza.

"Hakuna."

"Unataka niseme resi ni resi?"

"Hapana."

"Sawa."

Akawasha mashine. Alinyoa upande uliobaki kwa uangalifu ule ule, akachonga mstari wa mbele, akanigeuza kichwa kwa vidole viwili, akaunyanyua mkono wa kulia na kuusaidia na wa kushoto palipohitajika. Hakuruka hatua yoyote. Spiriti, poda, brashi ya shingoni. Redio ikaenda kwenye matangazo ikarudi. Akafungua kitambaa, akakikung'uta sakafuni.

"Ni ngapi?" nikauliza.

"Mia mbili."

Nikatuma. Nikasimama mlangoni nikimwonyesha skrini yangu, lakini hakuitazama. Alingoja simu yake iliyokuwa rafuni ilie, akaichukua, akasoma ujumbe wote hadi mwisho kama anavyofanya kwa mteja asiyemjua, kisha akairudisha rafuni na kuanza kufagia nywele.